Kidonge Kisicho Mraba, na Vita vya Dirisha la Dawa

Hakikuwa mraba. Hilo ndilo nililoliona kwanza, enyi mnaosoma, nami nawaomba mkae vizuri, mnyooshe miguu na kuzinyamazisha simu zenu, kwa maana kutokana na kidonge hicho kimoja kisicho mraba vilizuka vita vikuu vilivyoutikisa mtaa wetu mzima, kutoka kwa muuza matairi hadi kwenye kibanda cha kinyozi, na mashujaa wake wangali hai, na mmoja wao ndiye huyu anayewaandikia, mikono ikiwa imekunjamana kwa maji.

Ilikuwa asubuhi ya Ijumaa katika dola ya udobi. Nilikuwa nimesimama mbele ya beseni la mwisho, lile la kusuuzia nguo nyeupe, kwa sababu katika dola hiyo cheo changu ni Msuuzaji, na juu ya Msuuzaji wapo wengine wote. Nilitia mkono katika kopo la buluu ya kufulia, vile vidonge vya mraba tunavyovifunga kwenye kitambaa na kuvikoroga majini ili mashuka yaache umanjano, nikachukua kimoja bila kutazama, kama nilivyozoea. Vidole vyangu ndivyo vilivyogoma. Vilikuwa vimeshika kitu chembamba, laini, cha buluu iliyopauka, chenye umbo la kishada cha kurusha kilichopotea njia. Nikakitazama, nacho kikanitazama. Nikakitambua.

Nani asingekitambua? Kilikuwa kimetundikwa hadharani muda mrefu kuliko kalenda.

Jueni kwamba duka letu lina sheria ya mifuko, iliyotungwa na mwenye duka mwenyewe: kitu chochote kitakachokutwa katika mfuko wa nguo ya mteja kitatiwa katika kifuko cha plastiki kinachoonyesha ndani, kitatundikwa kwenye msumari kando ya kaunta, na kitaning'inia hapo hadi mwenyewe akione na kukidai. Sheria hiyo imewarudishia watu funguo, pete, hirizi, na wakati mmoja meno ya bandia, ambayo yalitucheka pale msumarini siku nyingi hadi bwana mmoja akaja, akayavaa palepale na kutushukuru kwa tabasamu lake jipya. Basi katika rundo moja la suruali, ambazo zilikuwa zimeshachanganywa, kilitoka kidonge hicho ndani ya karatasi yake ya kung'aa. Kilikuwa kimepita katika maji ya moto, sabuni, brashi na kukamuliwa, nacho hakikulegea hata kidogo. Kwa ushupavu huo peke yake tungeijua dawa yenyewe ni ipi.

Sheria ni sheria. Kikatundikwa.

Lo, laiti mngewaona wanaume wa mtaa ule! Walikuja mmoja mmoja kuchukua nguo zao, wakakiona kile kifuko cha aibu kikining'inia msumarini, wakainua macho juu. Hakuna dari lililowahi kutazamwa kwa heshima kama dari letu. Wengine walilisifia mbao zake. Yule tunayemwita Bwana Tai, kwa sababu hajawahi kuonekana bila tai hata akienda kununua mkate, alirudi mara kadhaa kuulizia koti ambalo alishalichukua, akawa anasimama, anakohoa, anaaga. Hakuna aliyekidai. Kisha asubuhi moja kifuko kikaonekana kitupu, sote tukaamini kwamba hatimaye mwenyewe amepata ujasiri.

Kumbe ujasiri aliupata mwingine. Nacho sasa kilikuwa uchi katika kiganja changu, kimefichwa na mtu aliyejua kwamba kitu cha buluu hakionekani katikati ya vitu vya buluu, na ambaye alikivua karatasi yake ili isipige kelele. Mtu huyo alijua kopo letu. Tulikuwa watu watatu tu tunaolijua.

Wa kwanza ni mama mkubwa, dada wa mama yangu, mwenye duka, Mshinda Madoa, mwanamke aliyewahi kuung'oa wino kwenye gauni la bibi harusi huku gari la maharusi likinguruma nje. Yeye ndiye aliyenichukua nilipoacha shule darasa la tano, akanipa kitanda, beseni na adabu. Nilipomwomba ruhusa ya kuandika habari hizi alicheka hadi akaketi, akasema niandike yote, ila nisitaje uzito wake. Sitautaja. Wa pili ni Bi Mvuke, mpiga pasi wetu, rafiki yake tangu usichana, mwenye kauli za moto kuliko pasi yake. Wa tatu ni mimi.

Nilikirudisha kidonge koponi kimya kimya, nikaenda kuanika. Na huko uani, nikiwa nimezingirwa na mashuka kama askari aliyezingirwa na mahema, nikawasikia wale wakuu wawili wakifanya baraza la vita upande wa pili wa kamba.

Mama mkubwa alikuwa akieleza huzuni yake. Tangu ile siku alipoanguka kando ya beseni akishika kifua, na hospitali ikampa vile vidonge vidogo vya kuweka chini ya ulimi kifua kikibana, baba mkubwa, yaani mume wake, alikuwa akipanda kitandani, anamtakia usiku mwema kama mgeni wa hotelini, na kumgeuzia mgongo. Alisema amejaribu marashi. Amejaribu gauni jipya la kulalia, na mzee akamfunika blanketi akidhani anasikia baridi. Na lililomtisha zaidi ni kwamba hata yeye mwenyewe, akijichungulia ndani, haoni moto wowote, amekuwa kama pasi iliyochomolewa. Akasema kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake kwamba mwanamume akishachoka na mwanamke hasemi, anageuka tu.

Hapo Bi Mvuke akatoa hotuba ambayo ingefaa kuchongwa kwenye jiwe, kama mawe yangekubali upuuzi.

"Shoga, sikiliza mtu wa kazi. Wanga haubagui. Nikiutia kwenye kola ya mume inasimama, nikiutia kwenye kola ya mke inasimama. Na dawa ya kichwa je, imewahi kukuuliza wewe ni bwana au bibi? Kimeze kesho tukishafunga. Kisipofaa, mifuko ya wanaume haikauki, tutapata kingine."

Mama mkubwa akauliza kama isingekuwa vema kumwuliza daktari kwanza. Bi Mvuke akamwuliza je, yuko tayari kukaa mbele ya kijana mwenye umri wa kumzaa na kumwambia anataka kuwashwa. Mama mkubwa akanyamaza, na kunyamaza kwake ndiko kulikopitisha azimio. Kesho, Jumamosi, duka likifungwa adhuhuri, atakimeza.

Mtaniuliza kwa nini sikukitupa chooni. Nilifikiri hilo, msidhani Msuuzaji hana akili. Lakini mlisikia: mifuko haikauki. Tena sikujua. Huenda kweli ilikuwa dawa yake, nami ningemnyima. Huenda ilikuwa sumu. Nilichokijua ni kwamba kidonge kimoja cha kifua humfanya mama mkubwa ashike ukuta kwa kizunguzungu, na hiki kingine kilikuwa kimeyashinda maji ya moto na brashi. Viwili hivyo vikikutana ndani ya mwanamke mmoja, nani atatoka mzima? Mtu wa kulijibu swali hilo alikuwepo ng'ambo ya barabara, katika duka la dawa, nyuma ya kioo. Ilibaki kazi moja tu, kuuliza.

Kuuliza! Enyi mliozaliwa na midomo, hamjui neno hilo lina uzito gani. Mimi ni mtu ambaye mwuza mkate akinirudishia chenji pungufu, namwambia ahsante. Kinyozi akinisalimu, naijibu salamu yake nikishafika nyumbani. Usiku kucha nililala nikiusihi ulimi wangu kama mtu anayemsihi farasi mkaidi: ewe ulimi, uliyejificha nyuma ya meno tangu nilipokuwa mdogo, toka mara moja tu, sema maneno machache, kisha urudi pangoni nisikusumbue tena. Ulimi haukujibu, na kimya chake ndiyo tabia yake.

Jumamosi ikapambazuka. Nikajivika silaha. Nilivaa aproni ya plastiki kama deraya, viatu vya mpira hadi magotini, na kitambaa cha kichwa nilichokishusha karibu na nyusi ili nisitambulike, ingawa katika mtaa wote ni mimi peke yangu ninayevaa viatu vile. Nikamwambia mama mkubwa naenda kununua sabuni. Akaniambia sabuni ipo. Nikaenda.

Sasa itazameni ngome yenyewe. Duka lile la dawa lina ukuta wa kioo kutoka kaunta hadi juu, na katika kioo hicho fundi alikata tundu moja la kusemea, ukubwa wa sahani, akalikata chini mno, usawa wa kiuno. Kwa hiyo kila mwenye shida huinama, anaingiza mdomo tunduni, na kuwaachia wote walio nyuma yake sehemu ambayo hakukusudia waisalimu. Ndani huketi mfamasia, mama wa makamo mwenye miwani ya kamba na sauti ya mtu aliyelelewa karibu na mashine ya kusaga. Siri ikiingia katika lile tundu kwa mnong'ono, hutoka kwa tarumbeta.

Mbele ya ngome hiyo jeshi lilikuwa limeshapanga mstari. Alikuwapo muuza matairi, mwenye karakana iliyopakana na ya baba mkubwa, na simu yake sikioni kama kawaida. Alikuwapo mama mwenye mtoto anayekohoa. Walikuwapo wanawake kadhaa wenye vikapu. Na nyuma yangu mara moja, kwa uonevu wa majaliwa, akaja kusimama Bwana Tai, tai yake ikiwa na vitone vyekundu.

Mstari ukasogea. Kila aliyesogea kando kungoja dawa yake ifungwe alikuwa ngao iliyoanguka. Nikafika. Nikainama. Nikaingiza mdomo na kuyasema maneno niliyokuwa nimeyafanyia mazoezi usiku kucha, kwa unyenyekevu mkubwa, kwamba shikamoo, na je, mama anaweza kutumia ile dawa ya kina baba.

Mfamasia akasema hasikii, niongeze sauti. Nikaongeza kidogo. Akauliza dawa ipi ya kina baba, ya ndevu? Nikasema hapana, ile nyingine. Akauliza ya upara? Nyuma yangu mtu akaguna. Muuza matairi akasema kwamba wengine tuna kazi za kufanya. Uso wangu ulikuwa unawaka, miguu ndani ya mpira ilikuwa inaloa, na katika kioo nilijiona nimeinama kama mtu anayechungulia tanuri. Hapo nikamwona mama mkubwa akilini, saa inaelekea adhuhuri, kopo liko wazi, glasi ya maji iko mezani. Na ule ulimi, ambao sikuwa na imani nao tena, ukatoka pangoni kama simba.

"Dawa ya kusimamisha," nilisema, na inasemekana kinyozi alinisikia. "Ya wanaume. Mwanamke akiimeza, itamdhuru?"

 Hata yule mtoto alimeza kikohozi chake. Mfamasia akavua miwani, ikaning'inia kifuani, akanitazama kwa macho matupu.

"Nani anayetaka kuimeza?"

"Mimi," nikasema.

Hivyo ndivyo heshima yangu ilivyoanguka kutoka ghorofani bila kupitia ngazi. Nilisikia vikapu vikishushwa chini. Mfamasia hakucheka. Akaniuliza, sasa kwa upole, kama kuna dawa nyingine ninayotumia. Nikasema ipo, kidonge cha kuweka chini ya ulimi, kifua kikibana.

Basi sikieni jambo ambalo halijawahi kutokea tangu ngome ile ijengwe. Mfamasia aliinuka, akazungusha ufunguo, akaufungua mlango wa kioo, akatoka nje hadi kwetu sisi watu wa kawaida, akanishika mikono yote miwili, mikunjo na yote.

"Sikiliza, binti. Hivyo viwili havikutani kamwe. Vyote vinapanua mishipa. Vikiwa pamoja presha inaporomoka kama ndoo iliyokatika kamba, na mtu anaweza kufa kabla hajafikishwa hospitali. Mwanamke au mwanamume, ni mamoja. Umenielewa?"

Niliitikia kwa kichwa. Yeye, kwa kuwa alikuwa ameshatoka na jeshi lote lilikuwa limetega masikio, akaendelea kufundisha. Alisema dawa ile ilitengenezwa kwa shida ya wanaume, kuifungulia damu njia iende mahali pake, na hata kwao haileti hamu. Asiye na hamu akiimeza anabaki vilevile. Alisema wanawake wamewahi kujaribiwa nayo, wachache wakasema wameona tofauti, walio wengi hawakuona lolote zaidi ya waliopewa vidonge vitupu, na kwa hiyo haijapitishwa kutumika kwao kwa jambo hilo. Akasema si kwamba ni sumu kwa mwanamke, kwani wapo madaktari wanaowapa wanawake wenye presha ya mishipa ya mapafu, lakini hao hupimwa, wakapewa kwa kiasi na kuangaliwa. Mwingine akijimezea tu, atapata kichwa kuuma, uso kuwaka, pua kuziba, tumbo kuvurugika na kizunguzungu. Na kidonge ambacho hujui kimetoka wapi, akasema, huenda hata si dawa, huenda ni chaki iliyopakwa rangi.

Mwanamke mmoja mwenye kikapu akauliza, basi aliyepoteza hamu afanye nini, maana kuna dada yake yuko hivyo. Mfamasia akamjibu kwamba dada huyo amwone daktari, kwa sababu hamu huondolewa na mengi: uchovu, umri, hofu, ugomvi usiosemwa, hata dawa za presha zenyewe, na mengi kati ya hayo yana tiba.

Nikasema, nikiwa nimeshapoteza kila kitu na hivyo sina cha kuogopa, kwamba nimeambiwa wanga haubagui kola.

"Mwanamke si kola," akasema mfamasia.

Nyuma yangu Bwana Tai akakohoa. Akaeleza kwamba anauliza kwa niaba ya rafiki yake, mtu mzima, mwenye shughuli nyingi, ambaye naye ana vidonge vya chini ya ulimi. Je, kwa kuwa huyo ni mwanamume kamili, dawa ile si halali yake? Mfamasia akamwambia amsalimie sana huyo rafiki, na amwambie kwamba atakufa amevaa tai yake. Bwana Tai akalegeza fundo shingoni. Nadhani siku ile niliokoa watu wawili, ila wa pili hajakiri hadi leo.

Sikungoja zaidi. Nikageuka na kukimbia, na viatu vyangu vikawa vinapiga makofi barabarani kama umati unaoshangilia. Lakini kuna kitu chepesi kuliko miguu yangu, nacho ni simu ya muuza matairi.

Duka lilikuwa limeshafungwa nusu. Bi Mvuke alikuwa anamalizia shati la mwisho. Mama mkubwa alikuwa ameketi kwenye kiti cha wateja, amejitia wanja, glasi ya maji mkono mmoja, mkono wa pili umefumbwa. Nikasimama mlangoni nikihema, na ulimi, mwoga yule, ukaanza tena kurudi nyuma. Mtoto hamwambii mama yake mkubwa mambo kama yale. Hatujawahi hata kutaja neno kitanda ila tulipokuwa tunahesabu mashuka.

"Mama mkubwa, usimeze," nikasema. "Hicho na kile cha ulimi vinaua. Nimeuliza."

Glasi ikabaki hewani. Akafungua mdomo kunijibu, lakini mlango ukafunguliwa nyuma yangu, akaingia baba mkubwa, seremala, Mnyoosha Mbao, mtu wa maneno machache, penseli sikioni na vumbi la mbao hadi kwenye kope. Alikuwa ameacha randa katikati ya ubao. Hakumtazama mke wake. Alinitazama mimi, na macho yake hayakuwa na hasira, yalikuwa na msiba. Akasema amepigiwa simu. Akasema mtaa mzima unazungumza kwamba binti wa dobi ameulizia dawa gani, na kwamba kwa kuwa alinilea kama mwanawe angependa nimtajie jina la huyo mwanamume anayenilisha vitu hivyo.

Nikainamisha kichwa. Nilikuwa nimeshaamua. Nilihesabu kwamba aibu ni kama doa la mafuta, ukilipaka kwenye tambara la sakafu halionekani, nami ni Msuuzaji, wa chini kuliko wote, litanikaa tu. Nikanyamaza. Baba mkubwa akaniuliza tena. Bi Mvuke alisimama ameduwaa na pasi yake imelala juu ya shati, na harufu ya kuungua ikaanza kupanda, wala hakuna aliyeijali.

Ndipo Mshinda Madoa akainuka. Nimemwona akipambana na wino, na kutu, na damu, na rangi ya nywele, lakini sijawahi kumwona akisimama vile. Alinyoosha mkono na kuufumbua mbele ya mume wake.

"Ni changu," akasema. "Mwache mtoto. Kanibebea. Mimi ndiye niliyetaka kukimeza, leo, kwa ajili yako."

Baba mkubwa alikitazama kidonge kile kwa muda mrefu kama anayepima ubao uliopinda. Akauliza kwa nini.

"Kwa sababu umenigeuzia mgongo, mume wangu. Umenichoka na huniambii."

Mzee akatafuta mahali pa kukaa, akakaa kwenye rundo la mashuka safi, vumbi lake na yote, wala hakukemewa. Alivua penseli sikioni, akawa anaizungusha.

"Daktari alisema usishtuliwe," akasema mwishowe. "Mimi ni mtu wa randa na nyundo, mama. Nilidhani nikikugusa moyo utasimama. Kila usiku nimelala nimegeuka ili usinione nipo macho, nasikiliza kama unapumua."

Naandika kama nilivyoona: mama mkubwa aliketi juu ya rundo lilelile, kando yake, wakawa wawili juu ya mashuka ya mteja. Bi Mvuke ndiye aliyesema.

"Kwa hiyo muda wote huu mlikuwa mnahurumiana? Na mimi naunguza shati la watu."

Lilikuwa la Bwana Tai. Pasi ilikuwa imechora alama yake mgongoni, nyeusi, kamili, kama muhuri wa mfalme.

Jumatatu yake msafara uliondoka. Mbele alikwenda mama mkubwa, amevaa gauni la sikukuu. Nyuma yake baba mkubwa, amenyolewa. Nyuma yao Bi Mvuke, mshauri mkuu aliyefedheheka, na mwisho kabisa mimi. Tulipita kwanza dirishani, mama mkubwa akainama mwenyewe, akakisukuma kidonge ndani ya lile tundu, mfamasia akakipokea ili akiteketeze kwa taratibu zake, akampa mkono. Kisha tukaenda hospitali, na mama mkubwa akakaa mbele ya yule kijana mwenye umri wa kumzaa, akamwambia yote, na yule kijana hakucheka wala hakuona haya. Alimpima. Alisema moja kati ya dawa zake za presha huenda ndiyo inayomzimia moto, akambadilishia. Alisema umri nao una mkono wake, akampa ya kumsaidia hilo. Baba mkubwa, kwa sauti ya mtu anayeagiza misumari, akauliza kama basi inaruhusiwa. Daktari akasema kwa moyo kama wa mama huyu kipimo ni rahisi: akiweza kupanda ngazi hadi ghorofa ya pili bila kubanwa na kifua, hilo jingine analiweza. Akamwita muuguzi, akasema twendeni tukajaribu.

Na sasa, enyi mliovumilia hadi hapa, hiyo ndiyo siku yenyewe ya kuandikwa katika historia. Mama mkubwa alishika reli ya ngazi za hospitali. Muuguzi alikwenda kando yake. Wagonjwa waliokuwa kwenye mabenchi waligeuza vichwa, bila kujua ngazi hizo zinapandiwa nini. Alipanda kama malkia anayekwea ukuta wa mji aliouzingira, kidato baada ya kidato, akapumzika penye kona, akaendelea, tukaona visigino vyake, kisha hatukuona kitu. Baba mkubwa alibaki chini na mkoba wa mkewe ameukumbatia kifuani kwa mikono yote miwili, midomo inamcheza. Hakupumua. Nawaambia hakupumua. Kisha kutoka juu ikaja sauti ya Mshinda Madoa, pana, isiyo na mkwamo hata chembe, ikajaza jengo zima.

"Nimefika. Wala kifua hakijabana."

Mabenchi yakapiga makofi kwa adabu tu. Bi Mvuke alipiga vigelegele hadi akafukuzwa nje. Baba mkubwa aliuficha uso wake ndani ya mkoba.

Habari za usiku wa siku ile sizijui, nami hata ningezijua nisingeziandika. Nasema tu kwamba kesho yake duka lilifunguliwa kwa kuchelewa, na aliyelifungua alikuwa anaimba.

Limebaki jambo moja, ambalo sikulisema dirishani, wala nyumbani, wala kwa Bi Mvuke ambaye huniuliza kila siku kwa nini nimekuwa nikilikodolea beseni macho. Nilipokuwa nimesimama pale chini ya ngazi, sikuwa nikimtazama mama mkubwa akipanda. Nilikuwa nikimtazama yule mzee na mkoba. Na mimi nataka. Nataka mtu wa kunishikia mkoba hivyo, asipumue hadi nifike juu, na nikishashuka, nataka asiniogope.